Risala ya Klabu ya Mazingira kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Mazingira Duniani, Mtwara

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, walimu wetu, wazazi mliotoka Msimbati, Madimba na Mahurunga, wanafunzi wenzetu,

Asante kwa kufika. Vumbi la barabara ya huku tunalijua.

Mheshimiwa, hicho kilicho mezani mbele yako si msumeno wa seremala. Ni upanga, yaani pua ndefu yenye meno, wa samaki aitwaye papa upanga, na umening'inia ukutani kwa babu wa mwenzetu tangu mama yake hajazaliwa. Tumeupima: sentimita 102, meno 19 kila upande. Upanga huwa kama robo au moja ya tano ya urefu wa samaki, kwa hiyo mwenyewe alikuwa na mita 4 hadi 5. Mtumbwi mzima! (Wenye kuuliza bei watusamehe: mkataba wa CITES unakataza biashara ya kimataifa ya aina zote tano za papa upanga.)

Anaitwa papa, lakini ni wa ukoo wa wale samaki bapa waitwao taa. Matamvua yake yako chini ya mwili, kama ya taa. Mtoto huzaliwa upanga ukiwa umevikwa ngozi laini asimchane mama yake, kisha hupanda mtoni, akakulia maji baridi miaka kadhaa kabla ya kurudi baharini. Ndiyo maana mto kama Ruvuma, pamoja na mikoko ya mlangoni pake, ni malezi kwa samaki wa namna hii. Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma ipo tangu mwaka 2000, ila mikoko bado inaliwa na boriti na mkaa.

Kinachomponza ni silaha yake mwenyewe. Meno yale yakigusa wavu wa jarife, hachomoki. Naye huzaa wachache na huchelewa kukomaa. IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa maumbile, imemweka katika daraja la walio hatarini kabisa kutoweka. Katika klabu yetu hakuna aliyewahi kumwona hai.

Mvuvi huambiwa akate wavu amwachie. Ni rahisi kusema, lakini wavu ule ndio shamba lake. Tunaomba ofisi yako ikae na BMU, yaani vikundi vya wanajamii vya kusimamia uvuvi, na wahifadhi, mzungumzie fidia ya nyavu zinazokatwa kwa sababu hiyo.

La pili ni dogo: mtumbwi wa kutuvusha kwenda kupanda mikoko. Viriba hatuombi, mbegu tunaokota wenyewe na kuzichomeka matopeni.

Naomba kuwasilisha.