Festo, kuhusu hayo matairi ya 265 unayotaka kuweka nyuma

Dar es Salaam, Jumapili jioni

Kaka Festo,

Ujumbe na picha ya rimu nimevipata. Nisalimie shemeji na watoto, na poleni na baridi ya Iringa. Umeuliza kama matairi mapana ya 265 nyuma yataifanya Toyota yako ishike barabara vizuri zaidi. Jibu langu ni hapana, 265 usiweke. Najua unataka madigadi ya nyuma yajae na gari likae kibabe, lakini umeniuliza habari ya kushika barabara, na hayo ni mambo mawili tofauti.

Kwenye picha yako mgongo wa rimu umeandikwa 18x8J, maana yake upana ni inchi 8. Tairi la 235/45R18 (upana milimita 235, kimo cha ubavu asilimia 45 ya upana huo, rimu ya inchi 18) linataka rimu yenye upana wa inchi 7.5 hadi 9, kwa hiyo hapo limekaa penyewe. La 255/40R18 linaanzia 8.5, na la 265/40R18 linaanzia 9. Ukililazimisha la 265 kwenye 8J litaingia, na fundi atakwambia limekaa safi. Lakini mbavu zitabinywa kwa ndani na katikati patatuna. Linalokanyaga lami kwa nguvu ni ule mstari wa kati, mabega yanagusa kidogo tu, na ukiingia kona ubavu unalegea kwanza ndipo gari linafuata. Umelipia upana usioutumia, na kabla ya muda wake kashata za katikati, yaani vile vipande vya mpira vinavyokanyaga lami, zitakuwa zimeisha.

Kubwa zaidi unaloweza kuweka kwenye rimu hiyo bila kuidhulumu ni 245/45R18. Sasa piga hesabu. La 235/45R18 lina kipenyo cha milimita 669 hivi, la 245/45R18 ni 678. Ukiweka 245 nyuma na kuacha 235 mbele, matairi ya mbele yatakuwa yanazunguka haraka kuliko ya nyuma kwa zaidi ya asilimia 1 muda wote, na kompyuta ya ABS (inayozuia magurudumu yasijifunge ukipiga breki) na VSC (inayozuia gari lisiteleze) inaishi kwa kulinganisha mizunguko hiyo hiyo. Isitoshe, hutaweza tena kuhamisha matairi mbele na nyuma. Gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma hula ya nyuma haraka, na kuyahamisha kila kilomita 8,000 hadi 10,000 ndiko kunakofanya yote manne yaishe pamoja. Baki na 235/45R18 pande zote, fedha uliyotaka kununulia upana nunulia mpira bora.

Ubora wa mpira unaanza kuusoma ubavuni. Tafuta neno TREADWEAR na namba yake. Matairi ya kawaida ya kutembelea mara nyingi huwa 400 kwenda juu. Ya spoti yaliyotengenezwa kwa barabara yako kwenye 300 hivi. Michelin Pilot Sport 4S, kwa mfano, imeandikwa 300. Ya 200 kushuka ni ya watu wanaokwenda kiwanja cha mashindano kwa gari lile lile wanaloendea kazini. Yokohama Advan Neova AD08R ni 180. Kadiri namba inavyoshuka, mpira kwa kawaida ni laini, unang'ang'ania, na unaisha upesi. Ila namba hiyo kila kiwanda hujipimia na kujipa chenyewe, kwa hiyo itumie kulinganisha matairi ya kampuni moja. Ukilinganisha kampuni mbili, ichukue kama fununu tu. Karibu nayo utaona TRACTION, yaani kushika breki kwenye maji: AA ndiyo ya juu, kisha A. Kwa mlima wa Kitonga na kona zake wakati wa masika mimi ningeshikilia AA, hata kama bei inauma.

Hizo za 180 na 200 zisikutamanishe. Mifereji yake ni michache, na kazi ya mfereji ni kukimbiza maji. Kashata zikishuka chini ya milimita 3 hivi, tairi lolote huanza kuelea kwenye dimbwi, na lenye mifereji michache huelea mapema zaidi. Likielea la mbele, usukani unakuwa mwepesi na gari linakwenda mbele moja kwa moja. Ukiachia mafuta taratibu hurudi. Likielea la nyuma, mkia unatoka, na kwenye kona za Kitonga nafasi ya kurekebisha ni ndogo sana. Ndiyo maana ukinunua mawili tu, mapya yanakwenda nyuma. Na yawe jamii ile ile ya yaliyo mbele. Ukiweka ya spoti nyuma na mbele kuna ya bei poa, pua itakataa kona. Ukigeuza, mkia utakutangulia. Kushoto na kulia pia yasipishane uchakavu: tofauti ya milimita 4 za kashata ni milimita 8 za kipenyo, na difu, yaani gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu ya nyuma, italipa.

Uzito na kasi ni fupi. Utakuta 94 au 98, yaani tairi moja hubeba hadi kilo 670 au 750. Chukua 98 yenye alama ya XL (tairi lililoimarishwa), ubavu wake huvumilia mashimo vizuri zaidi. Herufi za kasi V, W na Y zote zinafaa.

Sasa mtumba, maana najua utashawishiwa. Soma tarakimu nne za mwisho za DOT, namba ya ubavuni inayoonyesha lini tairi limetengenezwa: 3519 ni wiki ya 35 ya mwaka 2019. Tairi la spoti likizeeka mpira wake hukauka hata kama kashata zimejaa, nawe umenunua jina tu. Bonyeza kucha kwenye bega la tairi. Isipoacha alama hata kidogo, rudisha. Lipinde uone nyufa chini ya mifereji, kisha tia mkono ndani upapase kiraka au uvimbe. Likiwa linang'aa kupita kiasi, lifute kwanza kwa kitambaa. Na kama limeandikwa STUDLESS, au lina alama ya mlima wenye kipande cha theluji, achana nalo hata ukipewa bure. Hayo ni ya msimu wa baridi wa Japani, huja yamefungwa kwenye magari. Mpira wake kwenye joto la Chalinze ni kama jojo.

Siku ya kufunga simama hapo hapo. Rimu ya aloi ivuliwe kwa mashine, wasitumie vyuma na nyundo. Walainishe kwa maji ya sabuni, wasipake oili chafu. Ubavu wenye neno OUTSIDE utazame nje, na kama kuna mshale ufuate mzunguko. Doa la njano ndiyo sehemu nyepesi ya tairi, lielekezwe kwenye valvu ili balansi itumie risasi chache. Nati zikazwe kwa mpangilio wa msalaba (moja, kisha ya upande wa pili), za Toyota kama yako kwa nguvu ya Nm 103, kisha zirudiwe baada ya kilomita 100. Ile bunduki ya upepo ni ya kufungulia. Ikikaza yenyewe, siku ya pancha porini Mikumi utaning'inia kwenye spana.

Halafu alaimenti, yaani kunyoosha magurudumu yatazame sawa, nyuma pia, si mbele tu. Gari lako limeshushwa springi, kwa hiyo matairi ya nyuma yamelala kwa ndani upande wa juu. Kulala peke yake hula polepole. Kinachomaliza tairi kwa miezi ni matairi kutazamana vibaya, na bushi (mipira) za mikono inayoshika magurudumu ya nyuma zikichoka hakuna kipimo kitakachokaa. Bushi kwanza, ndipo upime. Pitisha kiganja kwenye ukingo wa ndani wa hayo ya zamani: ukihisi meno ya msumeno upande mmoja wa safari na ulaini ukirudi, tatizo ndilo hilo.

Upepo fuata kibandiko kwenye nguzo ya mlango wa dereva, upime asubuhi gari halijatembea. Usipunguze likiwa la moto. Ukishuka huku pwani kipimo hakitayumba sana: kutoka mita 1,500 hadi usawa wa bahari kinashuka PSI 2 hivi, joto la Dar linazirudisha.

Kabla ya kulipa nipigie picha ya ubavu, DOT ionekane.

Wako,
Salum