Viwanja vya uani visiachwe majani

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wenzangu wa Pemba juu ya viwanja vya nyuma ya nyumba zetu, ambavyo vingi vimeachwa majani na vifusi huku tukituma watoto dukani kila siku kununua tungule tatu na fungu la mchicha.

Wazee wetu waliogaiwa eka tatu tatu baada ya Mapinduzi ya 1964 hawakutegemea mikarafuu peke yake. Walipanda pia muhogo, majimbi na migomba, kwani karafuu, pamoja na thamani yake yote, haishibishi. Leo mchele wetu mwingi unatoka ng'ambo, na bei yake hatuipangi sisi.

Muhogo hauna masharti makubwa. Kipande cha mti chenye urefu wa shibiri, kikichomekwa kwenye tuta mvua za masika zinapoanza, huzaa baada ya miezi 9 hadi 12, na mzizi hungoja ardhini mpaka siku unapouhitaji, huku kisamvu kikichumwa. Uani kwangu pana hatua 10 kwa 8 tu, na maji ya kuoshea mchele ndiyo yanayonyweshea bamia. Ramadhani iliyopita hatukununua muhogo wa futari hata siku moja.

Tunachokosa ni mbegu safi za muhogo, yaani vipande vya miti visivyo na ugonjwa. Ugonjwa wa michirizi ya kahawia huozesha mzizi kwa ndani, na mkulima hugundua siku ya kuchimba. Nawaomba mabwana shamba watufikishie mbegu hizo katika shehia kabla ya masika.

Mkulima,
Wete, Pemba