Kila mbinu ina sharti lake

Mhariri,

Mjadala wa kilimo kinacholinda bayoanuwai, yaani wingi wa aina za viumbe, umegeuka ushabiki. Wapo wanaotaka mavuno yaongezwe kwenye eneo dogo ili misitu ipone. Wengine wanataka shamba lenyewe liwe makao ya nyuki na ndege. Hawa wa pili hupendwa zaidi na umma, na si ajabu: maua ukingoni mwa shamba yanaonekana, msitu ambao haukufyekwa hauna wa kuupiga picha.

Linalotukera ni kwamba kila mbinu hunadiwa bila sharti lake. Mavuno makubwa peke yake hayaokoi msitu. Kilimo kikilipa, tamaa ya kufyeka nayo hupanda, isipokuwa pale mpaka wa msitu unapolindwa kweli.

Angalia kilimo cha kutotifua ardhi. Mkulima huambiwa aache jembe, lakini ni nadra kusisitiziwa kwamba wakati wa kupanda angalau asilimia 30 ya udongo iwe imefunikwa na mabaki ya mazao. Mabua yakiishia kwa ng'ombe, udongo hufanya gamba gumu, maji ya mvua hutiririka juu yake na magugu hushamiri. Akiyaacha yote, vijidudu vinavyoyaozesha huinyang'anya mimea naitrojeni, na mahindi huanza kuwa manjano kwenye majani ya chini. Mbolea ifukiwe sentimita 5 hivi pembeni mwa mbegu, isimwagwe juu ya matandazo. Asiyeelezwa haya hurudi kwenye jembe, na majirani wameshaona.

Sri Lanka ilizuia uingizaji wa mbolea za viwandani mwaka 2021 ili wakulima wahamie kilimo hai, kisichotumia kemikali za viwandani. Ililegeza miezi michache baadaye, lakini mavuno ya mpunga ya msimu huo yaliporomoka. Mbolea hai ya kutosha haikuwapo. Tangu hapo kilimo hai kinasutwa kwa kosa la pupa.

Sukuma-vuta, mbinu ya kufukuza wadudu kutoka kwenye mahindi na kuwavutia kwenye nyasi za ukingoni, iliendelezwa Kenya na kupata wafuasi kwa njia tofauti: desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde, kati ya mistari hufukuza nondo wa funza wa mabua na kupunguza kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya mahindi, kisha hulishwa mifugo. Ila desmodiamu huota polepole, hivyo msimu wa kwanza palizi yake ni ya mkono, tena ya uangalifu.

Tunaomba gazeti lako, linapochapa picha ya shamba la mfano, litaje pia shamba hilo lina misimu mingapi.