Bastola ya mguuni ni ya mtu anayekaa

Mhariri,

Siku hizi naona wenzangu wenye cheti cha silaha wanatoa bastola kiunoni wanaihamishia mguuni, wananunua zile holsta, yaani mifuko ya bastola, za kufunga kwenye kifundo, na ukiuliza kwa nini unaambiwa ati huko ndio siri zaidi. Kwa siri sibishi. Shati likipanda kidogo pale benki au kanisani watu wanaanza kunong'onezana, na tangu Desemba 2018 Matiang'i, waziri wa usalama wa ndani wa Kenya wakati huo, alipotupa siku 90 kila mwenye silaha akapigwe msasa upya, hakuna mwenye akili anataka kuonekana na bastola nje nje. Lakini kuificha ni jambo moja na kuitoa ni jambo lingine kabisa, na hilo la pili pale renji, uwanja wa kulengea shabaha, hakuna anayeliongelea, watu wanaongea bei na rangi ya ngozi tu.

Mimi msimamo wangu ni huu, mguuni ni mahali pa mtu anayekaa. Dereva, mwenye duka aliye nyuma ya kaunta kutwa, mtu wa ofisi. Ukiwa ndani ya gari bastola ya kiunoni imebanwa na mkanda wa kiti na shati na koti, kuitoa ni shida, ila ya mguuni unainua mguu kidogo, mkono wa kushoto unavuta suruali, wa kulia unachukua, basi. Ukisimama mambo yanabadilika. Lazima upige goti au uinue mguu mmoja kama korongo, na mikono yote miwili iko kazini, sasa kama umebeba mtoto au kuna mtu anakusukuma utafanyaje? Mkumbuke magaidi walipovamia jengo la maduka la Westgate, Nairobi, tarehe 21 Septemba 2013, wale raia wenye leseni walioingia mle ndani na bastola kabla ya vikosi maalum, Abdul Haji akiwa mmoja wao, yeye leo ni seneta wa Garissa. Hiyo ilikuwa kazi ya kukimbia na kuchutama nyuma ya nguzo na kuvuta watu watoke. Hebu jaribu kukimbia na nusu kilo ya chuma imefungwa mguu mmoja uone inavyogonga mfupa. Ndio maana askari wengi huko Marekani wanaoitumia hii kitu huwa wanaweka bastola ya pili, ile ya akiba, ya kwanza iko kiunoni.

Haya, umeamua, unataka mguuni. Anza na bastola yenyewe kabla ya holsta. Ceska ile ya chuma tupu, modeli ya 75, ni karibu kilo nzima kabla hujaweka risasi, sahau. Glock 19 ikijaa magazini inafika gramu 850 hivi, mtu mwenye mguu mnene atavumilia lakini kufika jioni anachechemea na kuchechemea ndio kunakuuza, mtu anayejua anaangalia mwendo wako tu. Kinachofaa ni ndogo, kama Glock 43 au rivolva fupi ya risasi tano. Risasi ni chache, ndiyo, hiyo ndio bei ya mguuni.

Holsta sasa. Hapa ndio nina ugomvi na wauzaji. Kuna zile za kitambaa laini na velkro, zinauzwa bei ya kutupa, eti saizi moja inatosha bastola zote. Kitu kinachotosha bastola zote hakishiki hata moja. Holsta lazima iwe imekatiwa modeli yako, ifunike triga (kile cha kufyatulia) yote, si nusu, na iwe ngumu kiasi kwamba ukiifinya kwa nje kidole hakisikii triga. Iwe na kamba juu yenye kifungo unachofungua kwa kidole gumba, kwa sababu mguu unarukaruka kutwa nzima na bila kamba siku moja bastola itadondoka kwenye ngazi mbele ya watu. Plastiki ngumu ama ngozi nzuri zote sawa, mradi upande unaogusa mwili uwe na sponji au sufu ya kondoo, la sivyo utatoka vidonda. Na ikiwa ina mkanda wa pili unaopanda kushika chini ya shavu la mguu, chukua hiyo, inazuia holsta isiteremke ikalalia kiatu. Vaa juu ya soksi ndefu, usifunge moja kwa moja kwenye ngozi.

Mguu gani? Unatumia mkono wa kulia, funga mguu wa kushoto, upande wa ndani, kitako cha bastola kikiangalia nyuma. Sasa hapa kuna jambo ambalo video za Wamarekani haziwezi kukuambia maana wao usukani uko kushoto na gari zao nyingi ni otomatiki. Sisi wengine bado tuna gari za gia, na mguu wa kushoto ndio wa klachi. Kwenye jam ya Mombasa Road unakanyaga klachi mpaka unachoka, na kila ukikanyaga holsta inasugua, na kama imelegea inaweza kuning'inia pale karibu na breki. Gari ya gia basi kaza sana mkanda na ujaribu gari ikiwa imesimama kwanza. Otomatiki haina neno, mguu wa kushoto hauna kazi. Na wewe wa mashoto ambaye ungefunga mguu wa kulia, wa mafuta na breki, mimi nakushauri ubaki kiunoni tu.

Suruali za kubana zisahau. Tafuta ya kitambaa, chini iwe pana, ndefu mpaka iguse kiatu, halafu kaa mbele ya kioo ukunje nne, maana watu wanajiangalia wakiwa wamesimama na suruali inapanda ukikaa. Vyoo vya maofisi vyenye milango iliyokatwa chini navyo, jirani anaona kila kitu! Na anayeswali ajiulize mapema, utakunja suruali kutawadha mbele ya safu nzima? Siku hiyo iache nyumbani ndani ya sefu, si kwenye gari.

Vumbi pia. Chini huko ndiko kuna vumbi la barabara, matope, maji ya mvua na jasho. Ifutwe mara kwa mara na mtutu uangaliwe kama una nyuzi za soksi, watu wa kiunoni hawaijui hii adha. Na asubuhi weka bastola ndani ya holsta kwanza, ufunge kamba, ndio uvae mguuni, usiisukume ndani ikiwa mguuni tayari maana mdomo unaangalia unyayo wako. Mazoezi ya kuitoa fanya na bastola tupu, chemba, pale risasi inapokaa tayari kufyatuliwa, umeangalia mara mbili, risasi ziko chumba kingine.

La mwisho ni la geti usiku. Unapiga honi ufunguliwe, jamaa wanatokea, mmoja ameshakuelekezea bunduki kwenye kioo cha gari. Usiiname. Mtu anayeinama ndani ya gari wao wanajua anatafuta nini, watapiga kabla hujashika hata suruali. Mikono juu ya usukani, toa gari, gari lina bima. Ya mguuni inakusaidia tu kama umewaona mbali na bado una sekunde kadhaa, na hizo sekunde wengi hawapewi, kwa hivyo mwenye kuuza holsta akikwambia itakuokoa na wezi wa magari mwulize amewahi kuijaribu akiwa amefunga mkanda wa kiti.

Mwenye cheti, Syokimau