Barua ya wazi kwa mabinti wa Dar es Salaam wanaotafuta utawa wa kimapokeo

Wanangu,

Tumsifu Yesu Kristo.

Picha za wamonaki wa kike wa Gower kule Missouri, Marekani, au wa Jouques kule Ufaransa, wanaosali Kilatini, zimejaa kwenye simu zenu, na swali ni lile lile: wa namna hii hapa kwetu wako wapi?

Acheni kwanza kutafuta kwa shela. Ulaya na Marekani masista wengi waliacha vazi lao baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ndiyo maana huko kanzu peke yake inatosha kuonyesha msimamo wa shirika. Hapa Dar hukosi sista mwenye shela kwenye mwendokasi. Ombeni ratiba ya siku. Kengele ya kwanza inagongwa saa ngapi? Sala ya Kanisa, yaani zaburi za saa za siku, inaimbwa vipindi vyote, au Masifu ya Asubuhi na ya Jioni tu? Kimya kikuu cha usiku kinaanza lini na kinaisha lini? Masista wa Chipole, Imiliwaha na Ndanda huko kusini ni Wabenedikto, lakini wana shule, wagonjwa na mashamba. Sista anayefundisha kutwa hawezi kuingia kikanisani kila baada ya saa mbili, wala huo si ulegevu. Binti anayetaka ugo, yaani kuishi ndani ya monasteri kwa sala bila kutoka, akiingia shirika la kazi kama hizo atateseka, na atawatesa wenzake. Huyo atafute monasteri.

Kuhusu Misa ya Kilatini: tangu Julai 16, 2021 misale ya 1962, yaani kitabu cha Misa ya zamani ya Kilatini, inategemea ruhusa ya askofu, na ruhusa hubadilika. Wito uliosimama juu ya misale peke yake unaweza kukosa pa kukanyagia.

Halafu hadhi ya shirika, ambapo wengi hudanganyika. Kikundi cha wanawake waliovaa sare chini ya mwanzilishi mwenye maneno matamu si lazima kiwe shirika la kitawa. Tangu Novemba 2020 askofu hawezi kusimika shirika jipya bila kibali cha maandishi cha Kiti Kitakatifu. Ulizeni: ninyi ni wa haki ya kijimbo (chini ya askofu), ya kipapa (chini ya Roma), au ni chama cha waamini tu, kisicho shirika la kitawa? Kisha mkathibitishe ofisi ya askofu wa huko, msiishie kwa aliyewaalika.

Makaratasi huchelewesha kuliko mnavyodhani. Kadi ya ubatizo iliyokaa kabatini haitoshi. Kinatakiwa cheti kipya kutoka parokia ulikobatizwa, kwa kuwa daftari la kule ndilo linaloandikwa kipaimara na ndoa. Kama ulibatizwa Bukoba, anza mapema. Na madeni: sheria inakataza kupokea mtu asiyeweza kulipa. Mkopo wa Bodi, kikoba, udhamini uliomwekea shoga yako, vyote visemwe kabla, si baada ya kuvaa unovisi, yaani kuanza kipindi cha majaribio kabla ya nadhiri.

Unovisi hauruhusiwi chini ya miaka 17. Haupungui miezi 12, na ukikaa nje ya nyumba ya unovisi zaidi ya miezi mitatu, hata kwa vipande vipande, unabatilika. Waulizeni kama wanovisi hutumwa kusaidia shuleni. Kwenye mashirika ya kazi nadhiri za muda huchukua miaka mitatu hadi sita kwa kawaida. Kwenye ugo malezi yote hayapungui miaka tisa. Kiwanja chako hakuna wa kukudai ukiandike jina la shirika siku ya kuingia. Kabla ya nadhiri za kwanza unamkabidhi tu umtakaye akisimamie. Anayetaka pesa kwa simu ili akupeleke monasteri ya Ulaya, mkatie.

Barua kwa Mama Mkuu iwe ukurasa mmoja: umri, elimu, parokia, afya bila kuficha dawa unazomeza, na jina la paroko anayekufahamu. Wakikukaribisha, kaa wiki nzima, usiende Jumapili tu wageni wanapopikiwa pilau. Omba kusaidia upande wa masista wazee. Tazama shuka zao, tazama nani anawalisha, na kama wanaongea huru mlezi anapoingia.