Ahsante, bibi wa tramu ya Hiroshima

Bibi, shikamoo. Jina lako silijui, lakini shukrani hii siwezi kubaki nayo moyoni.

Hiroshima nauli ya tramu hulipwa wakati wa kushuka, nami kiganja kilijaa sarafu nisizozitambua. Ulizichambua kwa kidole, ukanitengea za kutosha, na ile ya yeni 50 yenye tundu ukanirudishia huku ukicheka. (Wazee wetu wasingeishangaa, senti 10 ya mkoloni nayo ilikuwa na tundu katikati.)

Kabla ya hapo tulipishana na tramu kuukuu. Hatukuwa na lugha ya pamoja, basi ukaandika kwa kidole kwenye kioo chenye ukungu: 1945. Ndipo nikaelewa kuwa ni miongoni mwa zile zilizonusurika bomu la Agosti 6, zikatengenezwa, na hadi leo zinabeba abiria. Picha za Kuba la Bomu, lile gofu la jengo lililobaki baada ya bomu, nilishaziona nyingi. Habari ya tramu hizo sikuijua kabisa.

Mvua ilikuwa inanyesha, ukanifunika kwa mwavuli wako hadi kwenye kibanda cha okonomiyaki: kabichi, tambi na yai, vyote vikipangwa tabaka juu ya bamba la moto mbele yetu. Nilipotoa pesa, mpishi alizikataa. Ulikuwa umeshalipa, tena umeshaondoka!

Kama kuna Mswahili anayeishi huko na kupanda laini ya 2, akimwona bibi mcheshi mwenye mwavuli wa zambarau, tafadhali amfikishie salamu zangu.