Mshauri wa kitaaluma asiwe jina la kubandikwa ubaoni tu

Ndugu Mhariri,

Vyuo vikuu vinapofunguliwa, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hupewa namba ya usajili, ratiba ya vipindi na jina la mhadhiri ambaye ndiye mshauri wake wa kitaaluma. Ratiba huifuata. Lile jina hulisahau mpaka siku anapohitaji sahihi kwenye fomu, na mara nyingi fomu yenyewe ni ya kuahirisha masomo au ya kukata rufaa. Wakati huo hakuna tena cha kushauriana. Tunaomba nafasi kwenye gazeti lako tueleze kazi hii inavyofanyika ikifanyika sawasawa, maana wapo hata wahadhiri wanaodhani ni kumwita kijana ofisini na kumwambia akaze buti. Kwa sehemu kubwa ni kazi ya hesabu na kalenda.

Hesabu kwanza. Katika vyuo vingi vya Tanzania A ni pointi 5, B+ ni 4, B ni 3, C ni 2 na D ni 1. Pointi za kila kozi huzidishwa kwa krediti zake, yaani uzito wa kozi hiyo, zikajumlishwa, kisha jumla ikagawanywa kwa krediti zote. Jibu ndilo GPA, wastani wa ufaulu wake. Shahada ya miaka mitatu ina krediti zisizopungua 360, yaani 120 kwa mwaka, na daraja la pili la juu huanzia GPA ya 3.5. Sasa tuseme mwanafunzi amemaliza mwaka wa kwanza na 2.9. Ili afike 3.5 anahitaji pointi 1,260 kwa miaka yote mitatu. Ameshapata 348. Zilizobaki ni 912 kwa krediti 240, na huo ni wastani wa 3.8: kozi nne kati ya tano apate B+, ya tano apate B. Ni kazi, lakini inafanyika. Akiendelea na 2.9 hiyo hiyo mpaka mwisho wa mwaka wa pili ndipo ashtuke, itabidi mwaka wa tatu apate wastani wa 4.7, maana yake krediti 84 ziwe A na 36 zilizobaki ziwe B+. Wanaoweza hivyo wapo, ila ni nadra wawe ndio waliokuwa na 2.9. Hesabu hii inachukua dakika tano kwa kalamu na karatasi. Ajabu ni kwamba wanafunzi wengi huiona kwa mara ya kwanza wakiwa mwaka wa tatu.

Hesabu ya pili ni ya muda. Kwa mfumo wa Tume ya Vyuo Vikuu, krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi: mihadhara, semina, maabara, majaribio na kusoma peke yake. Muhula wa krediti 60 ni saa 600. Zigawe kwa wiki 15 upate saa 40 kwa wiki, sawa na mtu aliyeajiriwa. Mwanafunzi anayeona ratiba ina vipindi vya saa 18 akadhani zilizobaki ni za mapumziko, au akachukua kazi ya kutwa mjini, amejikopesha muda ambao hataweza kuulipa.

Kwenye kalenda, mshauri anahitaji kumwona mwanafunzi mara tatu kwa muhula, na kila mara ana jambo mahususi la kutazama.

Mara ya kwanza ni wiki ya pili, kabla dirisha la kuongeza na kuacha kozi halijafungwa. Mwanafunzi aje na orodha ya kozi alizosajili, iliyochapwa kutoka kwenye mfumo wa chuo, na mshauri aiweke kando ya mwongozo wa programu. Kozi za lazima zimo zote? Za hiari zinatimiza krediti zinazotakiwa? Kozi inayodai nyingine iwe imepitiwa kwanza, hiyo nyingine alifaulu? Anayerudia kozi ya mwaka wa nyuma, kipindi chake hakigongani na cha kozi ya mwaka huu? Kosa linalotokea sana hapa ni mwanafunzi kuhudhuria kozi muhula mzima, akafanya majaribio na mtihani, kumbe hakuisajili. Mfumo haumtambui na alama hazina pa kuingia. La pili ni kupungukiwa krediti za hiari, jambo ambalo hugundulika orodha ya wahitimu inapotoka bila jina lake, wazazi wakiwa wameshashona sare za mahafali.

Mara ya pili ni wiki ya nane au ya tisa, alama za majaribio ya kwanza zikiwa zimetoka. Huu ndio mkutano wenye faida kuliko yote, na ndio unaoachwa zaidi. Pale ambapo kosiwaki, yaani majaribio na kazi za muhula, hubeba alama 40 na mtihani wa mwisho 60, huku kufaulu kukianzia 40, mwenye 14 za kosiwaki anahitaji 26 kati ya 60. Mwenye 8 anahitaji 32, yaani avuke nusu ya mtihani katika somo ambalo mpaka hapo amepata moja ya tano tu. Vipo pia vyuo vinavyoweka kiwango cha chini cha kosiwaki au cha mahudhurio, na asiyekifikia haingii chumba cha mtihani hata kama amesoma usiku kucha. Katika wiki ya nane bado lipo jaribio la pili, semina bado zinaendelea, na mwalimu wa kozi anapatikana. Mshauri asiishie kuuliza "tatizo ni nini". Aombe karatasi ya jaribio yenyewe. Mara nyingi utaona mwanafunzi anaijua mada ila hakuelewa swali lililoandikwa kwa Kiingereza, au amejibu kwa kuorodhesha mahali alipotakiwa kuchambua. Huyo ukimwambia "soma kwa bidii" hujamsaidia chochote.

Mara ya tatu ni matokeo ya awali yanapotoka. Kabla ya kulia, karatasi zote za majaribio zilinganishwe na alama zilizo kwenye mfumo. "Kufeli" kwingine ni alama za jaribio moja ambazo hazikuingizwa. Hilo hurekebishwa kwa barua kwa mwalimu wa kozi, nakala kwa mkuu wa idara, ndani ya muda uliotangazwa. Muda ukipita hata mwenye haki husumbuka. Ndiyo maana mwanafunzi aelezwe tangu mwanzo kwamba karatasi za majaribio hazitupwi mpaka atakapohitimu.

Kuhusu sapu, yaani mtihani wa marudio kwa aliyefeli kozi, hofu ni kubwa kuliko madhara. Katika vyuo vingi anayefaulu sapu hupewa C. Kwa kozi ya krediti 12 ambayo angepata B, anapoteza pointi 12, na ukizigawa kwa 360 unapata 0.03 ya GPA. Kinachouma ni kushindwa sapu na kubeba kozi, yaani keri. Kozi ya muhula wa kwanza hutolewa muhula wa kwanza tu, hivyo keri ya mwaka wa mwisho humweka mtu nyumbani mwaka mzima akisubiri kozi moja.

Anayeumwa asikae kimya chumbani. Barua na cheti cha daktari vifike idarani kabla ya mtihani, au mara tu baada yake. Mwenye ruhusa huandikiwa kuwa hajakamilisha na atafanya baadaye. Asiye na ruhusa huhesabiwa ametoroka mtihani, na adhabu yake mahali pengi ni disko, yaani kuondolewa chuoni. Anayeahirisha mwaka naye asisahau dawati la mikopo la chuo: barua ya kuahirisha, na baadaye ya kurejea, zifike Bodi ya Mikopo. Ukirudi chuoni usidhani bumu, yaani fedha za mkopo za kujikimu, litarudi lenyewe.

Lipo jambo lisilosemwa sana. Mshauri ana sahihi inayohitajika, na sahihi ni mamlaka. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25, inaitambua rushwa ya ngono kuwa kosa. Vyuo viweke taratibu zinazoonekana: mikutano ifanyike ofisini saa za kazi, mlango ukiwa wazi, tarehe na makubaliano yaandikwe kwenye jalada, na mwanafunzi aruhusiwe kubadilishiwa mshauri bila kutakiwa kujieleza. Mwenye msiba, msongo wa mawazo au njaa apelekwe kwa mshauri wa wanafunzi, ambaye ni ofisi nyingine kabisa. Majina yanafanana, kazi ni mbalimbali.

Wahadhiri wenzetu watauliza muda utatoka wapi, na wana haki. Wanafunzi 60, mikutano mitatu, dakika 20 kila mmoja, ni saa 60 kwa muhula, au saa nne kila wiki. Kazi hiyo haimo kwenye mgawo wa vipindi, na kupanda cheo kunapimwa zaidi kwa machapisho. Kwa hiyo hufanywa na wenye huruma, na wenye huruma huchoka. Tunaomba menejimenti za vyuo zihesabu saa hizo kama kazi ya kufundisha, idadi kwa mshauri mmoja isizidi 30, na mhadhiri anayekwenda masomoni akabidhi majalada kwa mwenzake kwa maandishi kabla ya kuondoka. Leo akiondoka, wanafunzi wake hujua siku wanapogonga mlango na kukuta kufuli.

Ni sisi,
Washauri wa kitaaluma,
Dar es Salaam